Stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye muhuri wa Zanzibar: ilifikaje huko?

#1 BahashaYaBabu
Wakuu, salaam. Katika albamu aliyoiacha babu yangu nimekuta kipande cha bahasha chenye stempu ya senti 50 ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ile ya Mfalme George wa Sita yenye picha ya jahazi kwenye Ziwa Victoria. Bahasha imekatwa kwa mkasi pande zote nne, kwa hiyo hakuna anwani wala jina la mtumaji, na nyuma kuna mabaki ya gundi ya albamu tu. Muhuri ni mmoja, wa duara, umegongwa kwa wino mweusi kwenye kona ya chini, nusu ukiwa juu ya stempu na nusu juu ya karatasi. Jina la mahali linasomeka bila taabu: ZANZIBAR. Tarehe ni 14 AUG. Mwaka umejaa wino; naiona 4, kisha tarakimu inayoweza kuwa 1, 4 au 7.

Zanzibar wakati huo ilikuwa na posta yake na stempu zake zenye sura ya Sultani Khalifa bin Haroub, wala haikuwa ndani ya posta ya pamoja ya nchi zile tatu. Ilikuwaje basi stempu ya bara ikafutwa kwa muhuri wa kisiwani? Niliuliza kwa mfanyabiashara mmoja wa stempu, akanijibu kwa mkato kwamba ni ya kughushi, kisha akataka kuinunua hapo hapo. Hilo la pili ndilo lililonifanya nisiamini la kwanza.

#2 Kibano
Usimuuzie mtu yeyote mpaka uzi huu ufike mwisho, ingawa nyuzi za jukwaa hili hazina desturi ya kufika mwisho.

Jibu langu ni bahari. Abiria alipanda meli Mombasa au Tanga akiwa na stempu za bara mfukoni, akaandika barua njiani, akaitia katika sanduku la melini, na meli ilipotia nanga Zanzibar mfuko wa barua ukashushwa na kugongwa muhuri wa huko. Barua za namna hii wakusanyaji huziita paketiboti, na karibu kila bandari kubwa ya dunia ina mifano yake: stempu ya nchi moja, muhuri wa nchi nyingine, na zote mbili halali.

#3 KaraniMstaafu
Ndugu Kibano amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye kanuni. Mkutano wa Umoja wa Posta Duniani uliofanyika Vienna mwaka 1891 ulikubaliana kwamba barua iliyotiwa katika sanduku la meli ikiwa katikati ya bahari hulipiwa kwa stempu za nchi ambayo meli ni yake. Haikusemwa nchi ya bandari ambayo meli imetoka. Ikiwa meli imetia nanga bandarini, hata kama abiria hajashuka, barua hulipiwa kwa stempu za bandari hiyo. Sasa meli nyingi zilizokuwa zikipita pwani yetu katika miaka ya 1940 zilikuwa za Uingereza, kwa hiyo stempu ambayo ningetarajia kuiona ni ya Uingereza.

La pili ni kwamba barua za meli zilitakiwa kuonyesha neno PAQUEBOT, ama ndani ya muhuri wenyewe, ama kwa muhuri wa pembeni, ama kwa mkono. Katika maelezo ya mleta mada neno hilo halipo.

#4 Kibano
Shikamoo Mzee Karani. Neno hilo lilikuwa mara nyingi likigongwa pembeni, mbali na stempu, na mleta mada ametuambia kwamba kipande kimekatwa pande zote nne. Mkasi wa mkusanyaji umeharibu ushahidi mwingi kuliko mchwa. Isitoshe, kanuni ya Vienna ilikuwa kwenye vitabu, ilhali chumba cha kuchambulia barua kilikuwa na karani mmoja, mfuko mmoja na meli inayotaka kuondoka.

#5 DadaWaForodhani
Habari zenu. Naona mnaizungukia bahari wakati jibu linaweza kuwa dirishani. Hadi mwisho wa mwaka 1935 Zanzibar ilitumia rupia, lakini kuanzia Januari 1936 iliingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, fedha ile ile iliyotumika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Senti 50 za Mombasa zilikuwa senti 50 za Zanzibar. Stempu ingekuwa ya ana, ile fedha ndogo ya rupia, karani angeikataa bila kufikiri, kwa sababu hesabu zake zisingekaa sawa. Lakini mtu akija na barua yenye stempu ya senti 50 ya bara, thamani ile ile, mfalme yule yule mwenye himaya juu ya kisiwa, sioni ajabu karani akigonga na kuendelea na kazi.

#6 Lenzi
Dada, hapo nakupinga kwa heshima. Fedha ya stempu ile iliingia katika mfuko wa posta ya bara, na posta ya Zanzibar ndiyo iliyobeba gharama ya kuisafirisha barua. Hakuna mkuu wa posta aliyelipenda jambo hilo. Stempu isiyo halali mahali ilipotumika huhesabiwa kama haipo, barua huandikwa herufi T, na mpokeaji hudaiwa. Zanzibar ilikuwa na desturi hiyo kwa ukamilifu, kwa sababu tangu mwaka 1926 ilichapisha hapo hapo kisiwani vikaratasi vya kudai malipo pungufu, vya kupangwa kwa herufi za chapa tu bila picha yoyote, ambavyo leo vinatafutwa sana na wakusanyaji. Posta iliyojisumbua kuchapisha vikaratasi vya kudai senti moja isingesamehe senti 50 kwa urahisi.

Kwa hiyo ningependa kujua kama pembeni mwa kipande kuna hata ncha ya herufi T au alama ya penseli ya rangi.

#7 BahashaYaBabu
Ahsanteni kwa majibu. Nimekiangalia chini ya lenzi. Herufi T haipo. Kwenye ukingo wa kulia, pale mkasi ulipopita, kuna kistari kifupi cha wino wa zambarau, urefu wake hauzidi upana wa kitobo kimoja cha stempu. Rangi yake si ile ya muhuri wa duara.

#8 Kibano
Zambarau! Mihuri ya paketiboti iligongwa kwa zambarau bandari nyingi sana. Nasubiri kuombwa radhi.

#9 KaraniMstaafu
Kwa zambarau iligongwa pia mihuri ya rejesta, ya ukaguzi wa barua wakati wa vita, ya benki, ya kampuni za biashara na ya mwenye duka la vitambaa aliyetaka jina lake lionekane kwenye bahasha. Subiri kidogo.

#10 MwanaMvita
Wakuu, mbona hakuna aliyetaja sababu iliyo nyepesi kuliko zote? Barua ilitiwa posta Mombasa, ikalipiwa sawasawa kwa stempu ya Mombasa, na karani wa Mombasa akapitiwa. Labda barua mbili ziligandana, labda muhuri uliishia kwenye bahasha ya jirani yake. Ikafika Zanzibar stempu ikiwa safi. Karani wa Zanzibar akiiacha hivyo, mtu ataibandua na kuitumia tena. Anachofanya ni kuifuta kwa chombo kilicho mkononi mwake, nacho ni muhuri wa ofisi yake. Hapa hakuna meli, hakuna upendeleo, hakuna kughushi, na hakuna deni la mpokeaji, kwa sababu ada imelipwa mahali ilipostahili.

Mimi mwenyewe ninayo stempu ya Tanganyika ya mwaka 1922, ile ya kichwa cha twiga, iliyofutwa kwa muhuri wa Mombasa kwa namna hiyo hiyo, na kwa kuwa bahasha yake ni nzima, nyuma yake pana muhuri wa tarehe hiyo hiyo wa kuonyesha kwamba barua imewasili.

#11 Lenzi
Maelezo ya MwanaMvita nayapenda kwa sababu hayahitaji mtu yeyote kuvunja kanuni. Kasoro yake ni kwamba makarani wengi waliokuta stempu iliyosahaulika waliifuta kwa mstari wa kalamu au penseli, ili muhuri wao wa tarehe usije ukaonekana kama ushahidi kwamba barua ilianzia kwao. Muhuri wa duara uliotulia vizuri kwenye kona, nusu ndani nusu nje, ni kazi ya mtu aliyekuwa na nafasi ya kulenga.

#12 SukariGuru
Mtu aliyekuwa na nafasi ya kulenga anaitwa mghushi. Mbona mnalikwepa neno hilo? London nusu ya kwanza ya karne ya 20 kulikuwa na mihuri ya posta ya kughushi zaidi ya 400 ambayo wakusanyaji wanaihusisha na mwanamke aliyejulikana kama Madame Joseph, na kwa mihuri hiyo stempu za makoloni ya Uingereza ziligeuzwa kutoka mpya kuwa zilizotumika. Leo mihuri hiyo inahifadhiwa na chama kikubwa cha wakusanyaji wa stempu cha Uingereza, Royal Philatelic Society London, ili wataalamu waweze kulinganisha. Kabla ya kuzungumza habari za meli, kipande hiki kingelinganishwa na picha za mihuri ile.

#13 DadaWaForodhani
Ndugu SukariGuru, mghushi ana hesabu kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Anagonga muhuri wa uongo pale ambapo stempu iliyotumika ina bei kuliko mpya, au pale ambapo muhuri wenyewe ndio bidhaa. Stempu ya senti 50 ya jahazi ilichapishwa kwa wingi mno. Na mghushi mwenye akili angegonga muhuri wa Zanzibar juu ya stempu ya Zanzibar. Kuugonga juu ya stempu ya bara ni kujitangaza.

Mahali ninapoungana nawe ni kwenye zile za pauni moja zenye picha ya simba. Nyingi zilitumika kulipia ushuru wa hati na kufutwa kwa kalamu au kwa mhuri wa ofisi ya serikali. Wajanja wakazisafisha wino na kuzigonga muhuri wa posta wa uongo, kwa kuwa iliyopita posta ina bei na iliyopita kwenye hati haina. Ukiinua stempu ya namna hiyo kwenye mwanga wa pembeni utauona mkwaruzo wa kalamu ukipita chini ya muhuri. Niliuziwa moja ya hivyo na muuzaji mwenye maneno matamu, na mkwaruzo ule ulisomeka hadi herufi mbili za sahihi.

#14 SukariGuru
Umesahau kwamba si kila jahazi la senti 50 ni la bei ya karanga. Wapo wanaotafuta ile yenye kasoro ya kamba, ambapo kamba ya kushoto haikuunganika na tanga. Mleta mada, tazama kamba.

#15 BahashaYaBabu
Nimetazama. Kamba imeshikana na tanga vizuri kabisa.

#16 SukariGuru
Basi mghushi wako alikuwa mvivu.

#17 MzeeWaLushoto
Salaam kwa wote. Mabishano haya yananikumbusha kwa nini niliacha kukusanya stempu mpya na kubaki na mihuri. Stempu hueleza serikali ilitaka kuonekanaje, na muhuri hueleza barua ilipita wapi. Wajerumani walipofungua wakala wa posta Lamu mwaka 1888, hawakuleta stempu maalumu. Walileta stempu zile zile zilizouzwa Berlin. Zanzibar nako, kati ya Agosti 1890 na Julai 1891, walifanya hivyo hivyo. Hata Wahindi kabla yao: posta ya Zanzibar iliyofunguliwa upya mwaka 1875 iliuza stempu za India zisizo na neno Zanzibar hadi mwaka 1895, zilipoanza kuchapwa jina hilo juu yake. Katika hali zote tatu, muhuri ukiondolewa, hakuna mtu duniani awezaye kusema stempu ile iliwahi kuiona pwani yetu. Ndiyo sababu muhuri wa Lamu wa wakati ule umeghushiwa sana, na ndiyo sababu hoja ya Dada kuhusu mahali muhuri unapokuwa bidhaa ni nzito.

Ukija katika Afrika Mashariki ya Kijerumani utakutana na ramani nzima iliyopotea. Muhuri wa Wilhelmsthal ni wa Lushoto kwetu hapa, wa Bismarckburg ni wa Kasanga, wa Neu-Langenburg ni wa Tukuyu. Majina waliyoyaacha waliyaandika kwa sikio la kwao: Muansa, Aruscha, Ssongea, Udjidji. Mjukuu wangu aliuona wa Usumbura akaniambia wameandika Usambara vibaya, nami nikamwonyesha Bujumbura kwenye ramani.

#18 Kibano
Shikamoo Mzee. Kwa kuwa uko Lushoto, nina stempu moja ya Wuga ya mwaka 1916 yenye muhuri wa Morogoro. Inaweza kufika bei gani?

#19 MzeeWaLushoto
Marahaba. Inaweza kufika bei ya chai.

Stempu za Wuga zilichapishwa mwanzoni mwa mwaka 1916 katika kiwanda cha chapa cha misheni ya Kilutheri hapa Vuga, ambayo Wajerumani waliiandika Wuga, kwa sababu Waingereza walikuwa wameizuia bahari na stempu za kutoka Ujerumani zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa za aina tatu: heller 2½, heller 7½ (heller ndiyo senti ya rupia ya Wajerumani) na rupia moja. Kabla hazijaanza kuuzwa, meli ya Kijerumani Marie ikapenya kizuizi na kutia nanga Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916, ikiwa na shehena ya vita na stempu pia. Zile za Vuga zikawa hazina kazi. Zilifukiwa ardhini, zikafukuliwa mwaka 1921 na kuuzwa Ujerumani, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Stempu ambayo haikuuzwa dirishani haiwezi kuwa na muhuri wa dirishani.

#20 Kibano
Itakuwa basi karani wa Morogoro alifanya upendeleo. Nitamuuliza DadaWaForodhani anipe hoja ya kuitetea.

#21 DadaWaForodhani
Hoja za aina hiyo natoza ada, na silipwi kwa stempu za Vuga.

#22 MukonoKalamu
Habari kutoka Uganda. Lenzi ametaja mstari wa kalamu katika #11, nami ningependa watu wasiudharau. Stempu za kwanza za Uganda, zilizopigwa kwa taipureta mwaka 1895 na mmisionari Ernest Millar wa Church Missionary Society huko Mengo, zilikuwa na thamani ya kauri, yale makombe madogo ya baharini, kwa sababu kauri ndizo zilizokuwa fedha ya watu, na zilifutwa kwa kalamu. Hazikuwa na duara wala jina la mji. Kwa stempu hizo mstari wa wino ndio muhuri, na mtu anayeusafisha akidhani ni uchafu anaondoa ushahidi pekee kwamba barua ilitembea. Kwa hiyo MwanaMvita akisema karani alishika chombo kilicho karibu, historia ya eneo letu inamuunga mkono: karani alifuta kwa chochote kilichokuwa mezani.

#23 Lenzi
Ahsante, hoja imeeleweka. Ila kalamu ilitumika Mengo kwa sababu muhuri haukuwapo. Zanzibar katika miaka ya 1940 mihuri ilikuwapo, na karani alichagua.

#24 MtuWaMaskati
Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimekulia Maskati, na nakusanya barua zilizopita kati ya miji hiyo miwili. Ningewaomba wakuu msiamini kupita kiasi kwamba mipaka ya posta ilikuwa migumu. Posta ya Maskati ilifunguliwa mwaka 1864 chini ya India. Mwisho wa mwaka 1947 ikawa chini ya Pakistan kwa miezi michache, kisha tangu Aprili 1948 ikawa chini ya Waingereza, waliouza stempu za Uingereza zilizochapwa thamani za rupia juu yake, hadi mwaka 1966. Mzee aliyeishi mtaa mmoja bila kuhama amepitia posta za nchi tatu. Watu wa namna hiyo walikuwa na stempu za mchanganyiko majumbani mwao, na walizibandika.

Lakini nina jambo la kumuuliza mleta mada. Babu alikuwa akifanya kazi gani, na je, albamu yake ina vipande vingine vilivyokatwa kwa mkasi uleule?

#25 BahashaYaBabu
Alikuwa karani wa forodha bandarini Zanzibar. Albamu ina vipande vingi vya namna hiyo, vimekatwa kwa ukubwa unaolingana, na karibu vyote vina stempu za Zanzibar zenye muhuri kwenye kona ile ile ya chini.

#26 MtuWaMaskati
Basi sababu ya tano ndiyo hiyo. Karani wa forodha anafahamiana na karani wa posta, kwa kuwa vifurushi vyote vya kutoka nje hupita kwa mmoja kabla ya kufika kwa mwingine. Mkusanyaji mwenye rafiki posta humpelekea bahasha tupu zenye stempu na kumwomba azigonge kwa adabu, konani, bila kuchafua sura ya Sultani. Siku moja akaweka na ya jahazi. Muhuri ni wa kweli, wino ni wa kweli, tarehe ni ya kweli, na barua haikuwapo kamwe.

#27 KaraniMstaafu
Nimeyaona hayo kwa macho yangu na sitataja ofisi. Mihuri ya namna hiyo ina dalili moja: imesimama wima. Karani anayegonga mfuko mzima wa barua huzungusha kifundo cha mkono, na duara hukaa mshazari. Anayegonga moja kwa ajili ya rafiki hulinganisha jina la mji na ukingo wa stempu. Mleta mada atuambie neno ZANZIBAR limelalaje.

#28 BahashaYaBabu
Kwenye kipande hiki limelala mshazari, herufi Z ikiwa chini kuliko R. Kwenye vile vya Sultani nilivyovitazama limesimama wima.

#29 MwanaMvita
Hapo hapo! Vya rafiki vimesimama wima, hiki kimelala. Hiki kiligongwa kazini, ndani ya mfuko wa barua. Babu alikikata kutoka kwenye bahasha halisi, huenda kwa sababu aliona ajabu ile ile tunayoiona sisi. Narudi kwenye stempu iliyosahaulika Mombasa.

#30 Kibano
Au kwenye mfuko uliotoka melini, Bwana MwanaMvita. Mshazari hauna bandari.

#31 WinoMweusi
Samahanini kuingia nikiwa nimechelewa. Kuna aliyehakikisha kwamba tarakimu ya kwanza ya mwaka ni 4? Muhuri ukijaa wino, 4 na 6 hukaribiana sana. Ikiwa ni 64, tuko miezi saba baada ya Mapinduzi, ofisi ileile iliyokuwa imegonga kwa mkono maneno JAMHURI 1964 juu ya stempu za Sultani, na Muungano umeshatimia. Katika kipindi kama hicho sishangai raia akiamini kwamba stempu yoyote ya bara inafaa kisiwani, wala karani akikosa ujasiri wa kumkatalia.

#32 Lenzi
Nadharia ni nzuri lakini ina miguu mifupi. Zanzibar iliendelea kutoa stempu zake hata baada ya Muungano, kwa hiyo karani alikuwa na za kuuza. Pili, mwaka 1964 stempu ya George wa Sita ilikuwa imeshapitwa na toleo zima la Malkia Elizabeth la mwaka 1954. Mtu angeitoa wapi?

#33 WinoMweusi
Kwenye mtoto wa meza. Kila nyumba ina mtoto wa meza.

#34 KaraniMstaafu
Jambo la mwaka linaweza kupunguzwa ubishi. Stempu hizi zilichapishwa na De La Rue wa London, na vipimo vya vitobo vya pembeni, yaani idadi ya vitobo katika kila sentimita mbili, vilibadilika katikati ya toleo. Kiwanda chao cha Bunhill Row kilipigwa mabomu Desemba 1940, na wakusanyaji wa stempu za makoloni wamezoea kukuta vipimo vya kabla na vya baada yake vikitofautiana. Mleta mada apime kwa kipimo cha vitobo, upande wa juu na upande wa kushoto, kwa sababu havilingani lazima. Ikiwa ni vipimo vya baada ya bomu, 41 itakuwa ngumu kuitetea, ingawa 44, 47 na hiyo 64 ya WinoMweusi zitabaki.

Nakuomba pia, mjukuu wangu, usikiloweke kipande hicho majini kwa nia ya kuibandua stempu ipimike vizuri. Stempu itatoka safi, na nusu ya muhuri itabaki kwenye karatasi ambayo mtu ataitupa. Pima ikiwa hapo hapo ilipo. Usiiache hata kwenye mwanga wa jua ili kuipiga picha. Wino wa zambarau hufifia upesi, na kile kistari ndicho shahidi pekee ambaye bado hatujamhoji.

#35 BahashaYaBabu
Shikamoo Mzee, nimekuelewa. Juu na kando vyote vinasoma 14 au karibu mno na 14. Sina kipimo cha chuma, ninacho cha plastiki.

#36 Lenzi
Hiyo 14 inatupeleka upande wa baada. 41 iondolewe mezani.

#37 SukariGuru
Iondolewe na kipimo cha plastiki? Mimi naiacha ikae.

#38 MwanaMvita
Nimepekua sanduku langu jioni hii nikitafuta kinyume chake, nami nimekipata: stempu ya Zanzibar ya senti 10 yenye sura ya Sultani Khalifa, juu ya bahasha nzima, imefutwa kwa muhuri wa Mombasa wa mwaka 1947, na barua imekwenda kwa fundi saa wa Mombasa. Neno PAQUEBOT halipo mbele wala nyuma.

#39 Kibano
Na muhuri wa kuondokea Zanzibar upo nyuma?

#40 MwanaMvita
Haupo. Pana herufi T kwa penseli ya buluu, imekatwa kwa mistari miwili ya penseli hiyo hiyo, na hakuna kiasi kilichoandikwa. Karani alidai kisha akafuta dai lake mwenyewe, na hakueleza kwa nini. Nitaweka picha za pande zote mbili kesho kukiwa na mwanga, kwa wanaotaka kuzilinganisha na kipande cha mleta mada.